Sweta la Mbele ya Tanuri

Watu wa bekari walikuja kutupa pole wakiwa bado na unga kwenye viatu. Waliingia kwa mstari, wakatushika mikono mmoja mmoja, wakakaa kwenye mkeka upande wa ukutani. Wa mwisho alikuwa mchomaji wa mikate, mtu mrefu mwenye kope zilizobabuka kwa moto. Wenzake humwita Majivu, na sisi nyumbani hatujawahi kumjua kwa jina jingine. Kwapani alibana kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mikate. Alimpa mkono kaka yangu, ambaye ndiye aliyefiwa na mke, kisha akaja mpaka nilipokaa.

"Wifi yake Sweta," aliniambia, "nimeona hili lisibaki kwetu. Miaka yote limetundikwa kwenye msumari, tunalikung'uta vumbi tunalirudisha. Sasa mwenyewe hayupo."

Nikafungua. Lilikuwa sweta la kahawia, la sufu, viwiko vimelegea, na kifungo kimoja si cha rangi ya wenzake. Wanawake wa bekari walipoliona, mmoja alianza kucheka, mwingine akaanza kulia, na punde wote walikuwa wanafanya yote mawili. Majirani zetu wakatazamana. Mama mmoja akaninong'oneza, "Kuna nini hapo?" Nikamwambia nitamweleza siku nyingine.

Siku hiyo nimeiweka leo. Nimeona ni heri niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo machozi hunikatisha kabla sijafika pazuri, na hadithi hii ina pazuri pake.

Wifi yangu aliolewa na kaka yangu nikiwa bado shuleni, kidato cha pili. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki na kaka baada ya wazazi wetu kuitwa na Mungu, kwa hiyo alipoingia mle ndani na sanduku lake alinikuta nimenuna mlangoni. Akalitua sanduku, akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye wifi?"

"Ndiye mimi."

"Basi usininunie. Mimi sijaja kukunyang'anya kaka. Nimekuja kukusaidia kumvumilia."

Kaka alicheka mpaka akakaa. Nami nikacheka, na ugomvi wa mawifi ambao watu huusema ukafia palepale kizingitini.

Alikuwa na nywele nyingi kupita kiasi. Kila Jumapili baada ya ibada alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, mimi nikakaa juu yake, nikamsuka mistari ya kwenda nyuma kwa ajili ya wiki nzima ya kazi. Vitana vilikatika meno. Alipiga kelele kama anachinjwa. "Wifi, kichwa hicho ni changu, si shamba!" Nami nilimjibu kwamba shamba lingekuwa afadhali, lina mwisho. Pale kwenye ngazi ndipo tulipoongea mambo yetu yote. Ndipo aliponiambia ana mimba ya kwanza, na ndipo nilipomwambia kwamba mchumba wangu amebadili mawazo.

Kazi yake ilikuwa bekari. Alikuwa meza ya kukandia, pamoja na wanawake wengine na vijana wawili wenye mikono kama nguzo, na kazi yenyewe ilikuwa kukanda unga, kuukata madonge, kuyapima na kuyalaza kwenye makopo. Hatua chache nyuma yao lilikuwa tanuri, na mbele ya mdomo wa tanuri alisimama Majivu na ubao wake mrefu wa kuingizia mikate. Joto la chumba kile unalisikia ukiwa bado barabarani. Nilipompelekea ujumbe hakusimama nami ndani. Alitoka uani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kidevu, akaniambia, "Sema haraka nipate upepo."

Mshahara ule ndio uliotushika. Kaka ni fundi rangi, na fundi rangi mvua ikianza hukaa nyumbani akitazama mawingu. Hilo alilijua wifi yangu, na hakulisema hata siku moja.

Sasa, mwaka mmoja baada ya mtoto wao wa mwisho kuanza shule, alikuja ngazini Jumapili moja na kitambaa kichwani.

"Leo tupumzike kusuka, wifi. Umechoka."

"Sijachoka."

"Basi mimi nimechoka."

Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine. Akaanza kuniomba vitambaa. Mimi nauza vitambaa katika duka la nguo, nimekaa pale tangu nimalize kidato cha nne, nikadhani anataka tu kupendeza. Lakini hakuwa akichagua rangi. Alitaka kizito zaidi, kisichoonyesha ndani. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuingia bafuni na wa kwanza kupiga ufagio. Mto wake alikuwa akiukung'uta dirishani kabla kaka hajaamka.

Baridi nayo ikaanza. Alivaa sweta asubuhi, nikasema sawa, asubuhi kuna ubaridi. Akavaa mchana. Akavaa mezani akila chakula cha moto. Kisha akaenda nalo kazini, akalivaa chini ya aproni, mbele ya tanuri.

Hapo ndipo Majivu alipompa jina.

"Jamani njooni muone!" alipaza sauti siku ya kwanza. "Mimi hapa nageuka mkaa, na mwenzenu amevaa sweta! Mama, unatoka nchi gani wewe?"

"Natoka nchi ya watu wanaofanya kazi bila kupiga domo," wifi alimjibu.

"Haya, Sweta. Baridi inasemaje leo?"

Jina likanata. Kila asubuhi Majivu aliuliza baridi inasemaje, naye akajibu inakusalimia, na bekari nzima ikacheka. Akija nyumbani alitusimulia, nasi tukacheka. Tulilicheka sweta lile mwaka mzima. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu asikie baridi penye moto.

Mwili wake ulinenepa ingawa alikula kidogo. Uso ulijaa, hasa chini ya macho. Kwenye kwaya yetu ya kanisa alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, akashuka sauti ya pili, halafu akaacha, akasema vumbi la unga limemkaa kooni. Alikuwa mwepesi wa kujibu kuliko mtu yeyote niliyemjua, sasa ukimuuliza jambo alikaa kwanza, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Kila kitu tulikuwa na sababu yake. Kazi nyingi. Umri. Watoto.

Jirani wetu, ambaye husema kila linalomjia, ndiye aliyeliona jambo la nywele kabla yetu. Kitambaa kilimteleza wifi akianika nguo, na jirani akaona nywele za mbele zimerudi nyuma na ngozi ya utosi inang'aa.

"Hizo nywele kuna mtu anazo," alimwambia. "Kuna mtu ameziokota kwenye kitana chako, amekwenda kuzifanyia mambo."

Wifi yangu alikuwa mcha Mungu, na maneno hayo aliyakataa kwa mdomo. Lakini woga ukamwingia. Akaanza kukusanya kila unywele unaodondoka na kuuchoma kwenye kopo uani, na harufu ile ikakaa katika nyumba yetu. Akanunua mafuta sokoni, ya mtu mwenye kipaza sauti anayeahidi nywele ndani ya wiki. Yalimchoma ngozi, yakamtoa malengelenge nyuma ya masikio. Akajaribu maji ya kitunguu, na kaka yangu akawa anaingia chumbani anafungua madirisha. Mimi sikujua ukubwa wa jambo. Aliniambia ni mba.

Ndipo mteja mmoja, mwenye duka anayechukua mikate kwa jumla, aliporudisha mkate uliokatwa katikati, na ndani yake unywele mrefu mweusi.

Msimamizi wa bekari ni mama mkali lakini si mbaya. Aliuweka mkate ule juu ya meza ya kukandia, akawaita wote.

"Wa nani?"

Kila mmoja akamtazama mwenzake kichwani.

"Mwenye duka amesema ukitokea mwingine anahamia kwa wenzetu. Akihama yeye, nusu yenu mnahama naye. Sasa sitaki kujua ni wa nani. Kesho vichwa vyote vya meza hii viwe vimenyolewa, wanawake kwa wanaume. Na atakayeleta unywele baada ya hapo, ajue hana kazi."

Mmoja akalalamika. "Mama, mume wangu atanirudisha kwetu!"

"Mwambie aje kwanza auchukue unywele wake humu kwenye mkate."

Kisha msimamizi mwenyewe akavua kofia yake. Alikuwa ameshanyoa.

Wifi yangu alirudi nyumbani siku ile anatabasamu kama aliyepokea habari njema. Baadaye nilielewa. Kwa mara ya kwanza angekuwa na kichwa kama cha wenzake, na hakuna ambaye angeuliza. Alinipa wembe, akakaa ngazini pale pale petu, akafungua kitambaa.

Kichwa nilichokuwa nakilalamikia kwa wingi wa nywele kilikuwa na nyuzinyuzi kavu hapa na pale, na katikati ngozi tupu. Nilizinyoa kwa dakika chache.

"Ulikuwa umezificha muda gani?"

"Tangu nilipokuambia tupumzike kusuka."

"Wifi, twende hospitali."

"Kwa nywele? Wenye magonjwa yao watanicheka foleni nzima. Niende nikaseme nini, daktari niponye urembo?"

Kaka yangu alitoka, akamkuta mkewe na kipara kinachong'aa jioni ile. Kisha akaja akakipapasa kama mtu anayekagua ukuta uliopigwa rangi.

"Safi," akasema. "Umepakwa mkono mmoja tu wa rangi lakini umekubali."

"Unanicheka?"

"Mama watoto, mimi nilioa kichwa. Nywele zilikuja kama nyongeza."

Alicheka, lakini niliona machozi. Usiku huo nilimwombea. Nilimwomba Mungu amrudishie nywele, ndivyo nilivyoomba, na leo nacheka nikikumbuka jinsi nilivyomwelekeza Mungu mahali pa kutazama.

Bekari ikawa na vichwa vitupu kama mayai kwenye trei. Wiki kadhaa zikapita kwa amani. Kisha mteja yule yule akarudi na mkate mwingine. Ndani kulikuwa na kitu kirefu, chembamba, cha rangi ya kahawia.

Msimamizi aliwapanga mstari. Aliangalia vichwa kimoja kimoja, akapitisha kiganja juu yao. Vyote laini. Akakishika kile kitu mwangani, akakinusa, akakivuta. Kikavutika. Unywele hauvutiki vile. Akageuka taratibu akamtazama wifi yangu mikononi, pale sweta lilipotokeza chini ya aproni, viwiko vinavyofumuka.

Safari hii watu walikuwa wakitafuta kichwani, kumbe lilikuwa sweta.

"Vua," msimamizi alisema.

"Mama, naomba."

"Nimesema nini kuhusu unywele mwingine?"

"Si unywele, mama."

"Mteja hajui tofauti. Nakupa nafasi moja. Ama sweta, ama kazi. Livue, lisionekane tena karibu na unga huu."

Alilivua. Majivu alilichukua akalitundika kwenye msumari wa mlangoni, akarudi kwenye tanuri lake huku akisema, "Hatimaye! Tutamwitaje sasa?" Wenzake wakacheka. Wifi akaingiza mikono kwenye unga.

Haya mengine nimeyapata kwa Majivu mwenyewe. Anasema alikuwa anatoa mikate, mlango wa tanuri uko wazi kabisa, moto unampiga usoni, akageuka kuweka trei mezani akaona makopo yanagongana. Mwanzoni alidhani gari kubwa linapita nje. Akatazama. Wifi yangu alikuwa ameegemea meza kwa viganja, anatetemeka, na meza inatetemeka naye. Midomo imepauka. Alikuwa ndiye mtu wa karibu zaidi na moto ukimtoa Majivu.

"Sweta," alimwita.

"Niache nimalize donge hili."

"Sweta, niangalie. Unasikia baridi kweli?"

"Si nilikuambia kila siku?"

Majivu aliniambia kwamba jibu hilo ndilo lililomtoa jasho ambalo tanuri halijawahi kumtoa. Aliuweka ubao wake chini, jambo ambalo mchomaji halifanyi mikate ikiwa ndani, akaenda kwa msimamizi.

"Mama, huyu hafanyi utani wa mavazi. Huyu anaumwa."

Msimamizi alikuja, akamshika shingo, akamshika mikono. Mikono ilikuwa baridi kama bomba la maji. Akalitoa sweta kwenye msumari akamvisha mwenyewe.

"Nenda hospitali. Ukirudi na karatasi ya daktari, kazi yako ipo. Ukirudi bila karatasi, usirudi."

Siku ile mikate mingi iliungua. Hakuna aliyemlaumu mtu.

Nilimsindikiza mimi. Tulikaa kwenye benchi la kliniki, kina mama wote tukijipepea kwa kadi zetu, naye amejifunika sweta na shuka la mtoto juu yake. Hata pale alikuwa bado ananiambia, "Nikiingia nitasema ni nywele tu. Usiniongezee magonjwa."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Daktari, nimekuja kwa ajili ya nywele tu. Zimetoka zote."

"Karibu. Nywele hazitoki bure, kwa hiyo tuanze nazo. Ulikuwa unasuka kwa kubana sana?"

Wifi alinitazama kwa pembe ya jicho. "Huyu ana mkono mzito, lakini hapana."

"Dawa ya kulainisha?"

"Sijawahi."

Akaendelea kumuuliza polepole. Je, amejifungua karibuni? Ameugua homa kali, au amefanyiwa upasuaji? Kuna dawa anayomeza kila siku? Amepata msiba? Hedhi yake ni nyingi kiasi cha kumaliza damu? Wifi alishangaa kwamba vyote hivyo vingeweza kuondoa nywele za mtu. Mimi pia. Tulichokuwa tumeletewa na dunia mpaka siku ile ni mba, mafuta na uchawi.

"Sasa fungua kitambaa, mama."

Mikono ikakwama kwenye fundo.

"Nimeona vichwa vingi kuliko kinyozi," daktari akasema. "Hakuna hata kimoja kilichonitisha."

Akafungua. Daktari alimulika tochi. Nywele zilizochipua baada ya wembe zilikuwa chache, kavu kama nyuzi za gunia. Alitueleza alichokuwa akitafuta, yaani magamba na vidonda kama vya mapunye, au duara tupu, au makovu yanayoziba mashimo ya nywele. Hayakuwepo. Zilikuwa zimepungua kichwa kizima. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alimpapasa nyusi kwa kidole gumba.

"Hizi unazinyoa?"

"Nyusi? Hapana."

"Zinaishia katikati. Ncha za nje hazipo."

Nikamtazama. Kweli hazikuwepo. Tulikuwa tunakula meza moja kila siku.

"Unafanya kazi gani?"

"Nakanda mikate, bekari."

"Kuna tanuri?"

"Liko mgongoni mwangu."

Daktari aliinua miwani, akaivaa, akamtazama yeye, shuka na sweta.

"Na baridi ya kuvaa hivi unaitoa wapi?"

Wifi yangu alivuta shuka mpaka kidevuni. Basi nikasema mimi. Nikasema kazini wanamwita Sweta. Nikasema sauti yake ya kwaya imeshuka, na anasinzia akiwa ameketi, na uso umejaa. Nikawa nayataja yale yale tuliyokuwa tukiyacheka, na kila nililotaja daktari aliandika. Alimpa maji ameze huku amemshika shingoni, akamgonga nyuma ya kifundo cha mguu kwa kinyundo, na mguu ukajibu kwa uvivu.

"Sitasema kwa uhakika mpaka damu ipimwe," alisema, "lakini nadhani ni tezi hii ya hapa shingoni. Ni ndogo, umbo lake kama kipepeo. Ndiyo inayouambia mwili uende kasi gani. Ikilegea, kila kitu kinapoa na kupunguza mwendo. Moyo, akili, tumbo, ngozi. Nywele nazo."

"Kama tanuri lisilotiwa kuni," wifi akasema.

"Haswa."

"Kwa hiyo si mtu aliyeziokota?"

"Hakuna aliyeziokota, mama. Na hukukosea kuja kwa ajili ya nywele. Mwili ulikuwa unaita, na nywele ndizo zilizopata sauti."

Damu ilipopimwa ikawa hivyo hivyo. Akapewa vidonge vidogo vyeupe, kimoja kila asubuhi, kwa maji matupu kabla ya chai na chakula, na kurudi kupimwa kila alipoitwa.

"Nitavimeza mpaka lini?"

"Maisha yako yote."

"Mpaka nife?"

"Mpaka ufe bibi kizee. Nywele mara nyingi hurudi, lakini si haraka. Usimsumbue wifi yako."

Msimamizi alipoiona karatasi, alimtoa kwenye unga akamweka kufunga mikate, sweta mwilini, mshahara ule ule. Miezi ikapita. Baridi ilimwachia kidogo kidogo, ikianzia miguuni. Sauti ikarudi. Majibu yake makali yakarudi pia, na kaka yangu akalalamika kwamba angemwomba daktari apunguze kidonge. Msimamizi akamrudisha kwenye unga, na asubuhi moja Majivu akamwona akiingia, akipita mlangoni, akilitundika sweta kwenye msumari mwenyewe, akielekea meza ya kukandia mikono mitupu.

"Sweta, umesahau nguo yako."

"Sijasahau."

"Baridi inasemaje?"

Alipangusa paji la uso kwa mkono wenye unga. Alikuwa anatoka jasho.

"Humu ndani kuna joto jamani," akasema. "Mnaishije?"

Wanasema bekari nzima ilipiga makofi mpaka unga ukajaa hewani, na msimamizi akatoka ofisini akidhani kumeanguka kitu.

Hakulichukua tena sweta lile. Aliliacha pale kwa makusudi. Mfanyakazi akilalamika kwamba anachoka ovyo, au anatokwa na nywele, au amevimba bila sababu, wifi alimwonyesha msumari kwa kidevu. "Unaliona lile? Nililivaa mwaka mzima nikiwachekesha. Nenda kapime." Alimpeleka mmoja mwenyewe, akakutwa hana damu ya kutosha. Mwingine alikuwa na mapunye tu, akapona. Mwingine hakuwa na lolote. Alikuwa anabana nywele mno, na wifi akamwambia, "Kama ni hilo, wifi yangu angekuwa ameshafungwa jela."

Mungu alimpa miaka mingine mizuri. Kwenye ubibi kizee hakufika. Kiharusi kilimchukua ghafla Ijumaa mchana, amekaa anachambua mchele, na hospitali walisema hakuna ambacho tungefanya. Nimemuuliza Mungu maswali mengi. Bado sijajibiwa, na bado naenda kanisani.

Wanawake walipomaliza kumwosha, mmoja alileta kitambaa cha kumfunga kichwa. Nikasema hapana, mnipe kitana. Nikakaa nyuma yake kama ngazini, nikamsuka mistari ya kwenda nyuma. Zilikuwa zimejaa tena, na mvi zimechanganyika upande wa masikio. Kitana kilikatika jino. Nilisubiri anipigie kelele.

Hayo sikuyasema mbele ya watu siku ile ya pole. Lakini Majivu alipoinuka kuondoka, aliinama karibu yangu.

"Samahani kuuliza. Mlimzika na kitambaa?"

"Hapana," nilimwambia. "Nilimsuka."

Akatikisa kichwa taratibu kukubali, akatazama sweta lililokuwa mapajani mwangu.

"Basi naomba nilirudishe msumarini," akasema. "Kuna binti mpya amekuja meza ya kukandia. Jana nimemsikia analalamika miguu inampoa."

Nikalikunja, nikalifunga tena kwa karatasi yake ya mikate, nikampa.